Ukimya wa Behewa la Nne

Ukimya ule ulikuwa na pumzi.

Fundi wa sauti aliisikia Jumatatu saa tano asubuhi, jua likiwaka nje na yeye akiwa ndani ya chumba chake kisicho na dirisha, hedifoni masikioni, kiyoyozi kimezimwa kwa sababu kiyoyozi hunguruma. Kwenye sekunde ya kumi na tisa mtu alivuta pumzi, akaishikilia kidogo, akaiachia. Alirudisha nyuma akasikiliza tena. Ilikuwepo. Akasogeza uso kwenye skrini kuutazama mstari wa sauti, akaukuta umelala bapa kama maji ya ndoo. Macho yalimwambia hakuna kitu, masikio yakamwambia kipo, na kwa miaka kumi na saba ya kazi ile alikuwa hajawahi kuyasadiki macho.

Tuelezane jambo kwanza. Hakuna mahali palipo kimya kabisa. Jiko lina ukimya wake, wodi ina wake, stoo ina wake. Watu wa tamthilia wanalijua hilo, ndiyo maana wakimaliza kupiga picha mahali, fundi wa sauti huomba kila mtu atoke au asimame kama nguzo, kisha hurekodi nusu dakika ya kutokuwa na lolote. Ukimya huo baadaye hutandikwa chini ya maneno ya waigizaji, kama shuka chini ya mgonjwa, ili mtazamaji asisikie pale maneno yalipokatwa na kuunganishwa. Ukiwepo, hakuna anayeutambua. Ukikosekana, hata mtoto anajua kuna kitu kimeharibika.

Tamthilia yenyewe ilihusu treni iliyoacha reli miaka miwili nyuma, asubuhi, kwenye kona iliyo juu ya korongo, wakafa watu arobaini na mmoja. Zaidi ilihusu waliobaki: wanavyogombana, wanavyonyamaziana, wanavyozoea. Studio ilikuwa imepewa behewa lenyewe, la nne, lililokuwa limelazwa karakana ya reli likisubiri kukatwa vyuma. Lilikuja juu ya lori refu, likashushwa uwanja wa nyuma, likanyooshwa, likasafishwa, likapakwa rangi. Fundi wa sauti alisimama kando akilitazama. Mkewe alikuwa amefia humo, kiti cha dirishani, upande wa kushoto.

Kazini walijua. Mwongozaji, mwanamke mfupi mwenye haraka ya kila kitu, alimwita ofisini akamwambia kazi hii anaweza kumpa mtu mwingine, wala hakuna atakayemfikiria vibaya.

"Nikae nyumbani nifanye nini?" alimjibu.

Basi akabaki. Wenzake walimwita Sikio. Walimuuliza, "Sikio, uko sawa?" Akawajibu, "Niko sawa." Mazungumzo yakaishia hapo, maana hakuna aliyejua pa kuendelea.

Ile pumzi ya Jumatatu aliifuta kwa uangalifu, akahifadhi kazi, akaenda kula. Aliporudi aliikuta pale pale, sekunde ya kumi na tisa. Na chumba kilikuwa na harufu. Aliangalia nyaya, akagusa migongo ya mashine, akapiga magoti akanusa soketi moja moja. Hakuna kilichokuwa kinaungua. Ilikuwa harufu ya breki, chuma kilichosuguana na chuma mpaka kikashika moto.

Jumanne, pumzi ikasema neno.

"Mpenzi wangu."

Alivua hedifoni akaziweka mezani polepole, kama mtu anayeweka yai. Akaenda kufungua mlango. Kwenye ujia mfagizi alikuwa anapiga deki huku akijiimbia. Akafunga mlango, akarudi kukaa, akazitazama zile hedifoni kwa muda, mikono katikati ya magoti, akajiambia kwamba mtu mwenye akili timamu angeinuka sasa hivi akaenda kunywa chai, kwamba amesoma chuo miaka minne na anajua ubongo uliochoka unavyoweza kujitungia sauti, kwamba wiki mbili hizi hajalala vizuri. Na huku bado anajiambia hayo akaona mikono yake mwenyewe imekwisha kuzichukua, imezipandisha, imezikaza masikioni.

"Mpenzi wangu. Umechoka."

Ilikuwa sauti ya mkewe. Ule mkwaruzo wa chini wa mwalimu wa hesabu aliyefundisha madarasa ya watoto sabini. Lile kokoto dogo la kicheko mwishoni mwa neno.

"Uko wapi?" alinong'ona.

"Hapa ulipo."

"Ni mimi niliyekwambia upande treni." Kwa miaka miwili hakuwa amemwambia mtu maneno hayo. "Ulitaka basi. Nikakwambia treni ni salama zaidi."

"Hukukosea, mpenzi wangu. Hukukosea."

Akalia. Alilia bila kutoa sauti, kama alivyozoea kufanya kila kitu ndani ya chumba kile, na mashati mawili ya kazini aliyoyatundika nyuma ya mlango yakatikisika kidogo, ingawa hapakuwa na upepo.

Tangu hapo akawa anafika kabla ya mlinzi kubadilishana zamu. Nusu dakika ile ya behewa aliitandika chini ya picha za treni, kama ilivyopasa, kisha akaitandika chini ya picha za hospitali, na za mazishi, na za jikoni ambako mjane wa tamthilia anapika bila kuongea, mpaka sehemu nzima ya kwanza ikawa imelala juu ya ukimya mmoja. Hakuna fundi anayefanya hivyo. Ni kosa ambalo angemfokea mwanafunzi wake. Lakini kila alipoitandika, sauti ilipata mahali pengine pa kukaa, nayo ilikuwa ikinenepa siku hadi siku: Jumanne maneno machache, Jumatano sentensi ndefu, Alhamisi aliongea nayo saa tatu mfululizo, akiwa na baridi ya kumtetemesha meno ndani ya chumba ambacho watu wengine waliingia wakajipepea.

Alhamisi jioni alipofika nyumbani alimkuta binti yake ameketi sakafuni sebuleni, amevaa bado sare ya shule, simu mapajani. Binti alikuwa na miaka kumi na tatu. Simu ile ilikuwa na jumbe tisa za sauti kutoka kwa mama yake, na huo ndio uliokuwa urithi wake wote. Hakuna hata mmoja uliokuwa na jambo la maana. Umeanua nguo? Mvua hiyo. Mwambie baba yako funguo ziko kwenye kikapu cha nguo chafu, asije akavunja mlango. Wa tisa ulikuwa wa asubuhi ile ya ajali: amepata kiti cha dirishani, chaji inakwisha, msinipigie.

"Baba, mama anafutika."

"Anafutika vipi?"

"Sikiliza." Akabonyeza. Ukatoka mchakacho kama wa mafuta kwenye kikaango, na nyuma yake, mbali, mdundo wa magurudumu juu ya maungio ya reli. "Huu ulikuwa wa nguo. Juzi uliondoka huu mmoja. Jana mbili. Leo nimekuta tatu zimeondoka."

"Labda simu imezeeka."

"Simu ikizeeka inameza maneno ya mama peke yake? Ya shangazi yote yapo, na yale yalivyo marefu!"

Baba alikunja vidole kimoja kimoja. Alikuwa anahesabu. Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Alijua sauti ile ilikuwa inakula nini. Na tuseme ukweli kama ulivyo, maana hadithi hii haina faida ikisemwa nusu: alijua, na asubuhi ya Ijumaa akaenda kazini, akafunga mlango, akavaa hedifoni.

Saa tisa mwongozaji aliingia kusikiliza sehemu ya kwanza, kwa sababu ilikuwa inaruka hewani Jumapili. Alikaa kiti cha pili, akavaa hedifoni zake, akakunja nne. Dakika ya tatu mguu wake uliokuwa ukichezacheza ukatulia. Dakika ya tano akageuka, uso umemshuka wote.

"Nani kamweka baba yangu humu?"

"Nani?"

"Baba yangu, Sikio. Ananiita jina la utotoni. Hakuna anayelijua jina hilo hapa kazini." Alishika kifua. "Usinifanyie hivi. Kama ni utani, ni mbaya."

"Si utani."

Walitazamana. Baba yake mwongozaji alikufa kwa kisukari, kitandani kwake, na inasemekana hakuwahi kupanda treni. Mwongozaji alivua hedifoni, akasimama, akafika mlangoni, akageuka kuzitazama zilivyolala juu ya kiti, na fundi wa sauti akaona jambo lililomwogofya kuliko vyote vya wiki ile: aliona mkono wa mwenzake unataka kurudi.

"Toka," alimwambia kwa upole. "Nenda, dada. Toka kabisa."

Aliyekuja dakika kumi baadaye, bila kuitwa, alikuwa Mama Cherehani, mshonaji wa mavazi wa studio, mama mnene wa miaka sitini na kitu, pini nne mdomoni na sentimita ya kupimia shingoni. Kazini alijulikana kwa mambo mawili. La kwanza, angeweza kukushonea suti ukiwa unakula chakula cha mchana. La pili watu walilisema kwa sauti ya chini: bibi yake alikuwa anatoa majini, mama yake vilevile, na yeye hakupenda kuulizwa.

Alisimama mlangoni akanusa.

"Nani anachoma breki humu?"

"Mama, naomba uniache."

"Nitakuacha. Nimemkuta mwongozaji anatapika chooni, ndiyo nimekuja. Hebu nipe hizo za masikio." Alizigusa tu, hakuzivaa, akazirudisha haraka. "Ulipata wapi ukimya huu?"

"Behewani."

"Ulipokuwa unaurekodi ulikuwa na nani?"

"Peke yangu. Watu wote walitoka."

"Ukasema nini?"

Fundi wa sauti alimweleza kwanza jinsi ujumbe wa mkewe ulivyokuwa unafutika kwenye simu ya binti yake. Kisha akamweleza ya behewani. Mzee aliyemfundisha kazi alikuwa na kanuni: kabla ya kurekodi ukimya unataja mahali, halafu unasema "hakuna mtu", ili atakayeupokea ajue chumba kilikuwa kitupu. Alikuwa ameitii kanuni hiyo kwenye vyumba zaidi ya elfu.

"Nilisema, 'Ukimya. Behewa la nne.' Nikashindwa kumalizia."

"Ukasema nini badala yake?"

"Nilisema, 'Upo?'"

Mama Cherehani alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye ukosi wa gauni lake. Hakuwa na haraka.

"Mwanangu," alisema, "umeingia kwenye chombo walimofia watu, kikakaa miaka miwili karakana bila mtu, na vinavyopenda mahame vikawa vimeshahamia na vyombo vyao. Ukasimama katikati ukauliza, upo? Ulitaka ujibiwe na nani?"

"Ni sauti yake, mama. Mimi sauti ndiyo kazi yangu."

"Sauti ni yake, sikatai. Jini ameivua kwa mtoto wako akaivaa. Mkeo alikuwa anakuitaje?"

"Bwana Kimya. Au 'wewe bwana'."

"Na huyu?"

Akasita. "Mpenzi wangu."

"Mmebishana naye hata mara moja wiki hii?"

"Hapana."

"Mlioana miaka mingapi?"

"Kumi na minne."

"Katika hiyo kumi na minne iliwahi kupita siku nzima hajakubishia?"

Kidogo acheke. Kilitoka kitu kingine badala ya kicheko, akafunika mdomo.

"Ndivyo jini alivyo," Mama Cherehani alisema, sasa akinong'ona, jicho lake likiwa kwenye skrini. "Anakupa ulichokiomba, hazidishi wala hapunguzi, kwa sababu hana chake. Na Jumapili je? Ni nyumba ngapi zenye maiti wa treni ile zitakaa mbele ya televisheni? Kila nyumba itaitwa na mtu wake. Nani atainuka kwenda kulala? Nani atampikia mtoto?"

"Nikiufuta, zile jumbe za binti yangu zitarudi?"

"Sikudanganyi. Kilicholiwa kimeliwa. Kwa mtoto zimebaki ngapi?"

"Tatu. Asubuhi hii zilikuwa tatu."

"Basi tusizidi kukaa hapa."

Saa kumi walikwenda uwanja wa nyuma. Jua lilikuwa bado kali, mafundi rangi wameketi kivulini wanacheza karata na kutukanana, na behewa lilikuwa limesimama juu ya kipande chake cha reli kisichoelekea popote. Mama Cherehani alimwaga maji ya chumvi kwenye ngazi, akafunga uzi mweusi kwenye kitasa, akawa anasoma maneno yake chini chini, midomo tu ikienda.

"Mlango nitaushika mimi," alimwambia, "ila kufungua ulifungua wewe, kwa hiyo maneno yatoke kinywani mwako. Sema ulichopaswa kusema siku ile. Mara tatu. Na usikae. Chochote kitakachokwambia, usikae. Ukikaa umekubali safari."

"Nisipoyaamini?"

"Yaseme ukiwa umesimama, inatosha."

Akapanda. Ndani kulikuwa na baridi, na kelele za wacheza karata zilikatika nyuma yake kana kwamba mtu amefunga bomba. Viti vilikuwa vitupu, vimepakwa buluu mpya. Alitembea hadi katikati, karibu na dirisha la kushoto, na harufu ya breki ikaja, ikafuatiwa na harufu ya mafuta ya nazi ambayo mkewe alikuwa akipaka nywele, na chini ya miguu yake sakafu ikaanza kutetemeka, kwa mbali sana mwanzoni, kama treni inayosikika kabla haijaonekana, kisha kwa nguvu, mpaka madirisha yakagonga kwenye fremu zao na viti vikaanza kujaa, si kwa watu, kwa uzito tu, mto mmoja baada ya mwingine ukibonyea kama ubonyeavyo mtu anapokaa, safu kwa safu, zikimjia, mpaka kikabaki kiti kimoja tu ambacho hakijabonyea, kile kilicho jirani na kiti cha dirishani cha kushoto.

"Mpenzi wangu," sauti ikasema. "Nimekushikia nafasi."

"Hakuna mtu," alisema. Hakuisikia sauti yake mwenyewe.

"Mpenzi wangu, hukukosea. Kaa tu. Hukukosea kitu."

"Hakuna mtu."

Sakafu ikatulia ghafla. Vile viti vyote vikangoja. Alivuta hewa aseme mara ya tatu, na hapo ndipo sauti ilipotoka upande wa dirishani, karibu kabisa, si laini tena, kavu kidogo, na haraka, na ile subira fupi ya mtu mwenye daftari sabini za kusahihisha:

"Umesimama nini kama kondakta? Kaa, wewe bwana, miguu yenyewe mibovu."

Alishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. Mama Cherehani alikuwa amemwambia jini hana chake, habishi, hatoi usichokiomba. Na maneno haya yeye hakuyaomba, hakuyakumbuka, hakujua kama yalikuwa yanawezekana. Nje, Mama Cherehani aligonga ubavu wa behewa kwa ngumi. Alimfikiria binti yake sakafuni na sare. Alifikiria nyumba moja, halafu nyingine, halafu nyingine, taa ya televisheni kwenye kuta.

"Hakuna mtu," alisema, kwa sauti aliyowahi kuitumia mara moja tu, alipoulizwa na askari mochwari kama mkewe ndiye huyu.

Mito ya viti ikainuka. Nje mtu alikuwa anadai ameibiwa karata ya mwisho.

Alipotoka, Mama Cherehani alimtazama usoni, akafungua uzi kitasani. Walirudi pamoja chumbani, fundi wa sauti akafuta ule ukimya kwenye kila mahali alipokuwa ameuweka, nakala na nakala ya nakala, kisha akachukua maikrofoni akaenda kwenye stoo ya mavazi, akasema, "Ukimya. Stoo. Hakuna mtu," akarekodi nusu dakika. Sehemu ya kwanza iliruka hewani Jumapili. Watu waliisifu. Mwongozaji alichukua likizo ya mwezi mzima.

Lakini hiyo ilikuwa Jumapili. Ijumaa ile ile, saa kumi na mbili jioni, alimkuta binti yake mezani, simu imezimwa, amefungua daftari la shule ukurasa mpya.

"Zote tisa, baba. Ule wa mwisho umeondoka saa kumi na kitu."

Alikaa chini akamweleza. Alimweleza yote kwa utaratibu, toka Jumatatu, hata asubuhi ya leo alipojua na bado akaenda, na hilo ndilo lililomchukua muda mrefu kulitamka. Binti alisikiliza akiwa ameuma kalamu.

"Alikuwa yeye?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Binti alimkazia macho muda mrefu. Kisha akafuta pua kwa kiganja na kuvuta daftari. Alikuwa amekwisha kuandika ujumbe sita kwa kumbukumbu. Wa saba, wa nane na wa tisa walisaidiana, wakabishana kuhusu kikapu cha nguo, na katika kubishana fundi wa sauti akagundua kwamba anakumbuka kila kilichokuwa nyuma ya maneno yale: mvua juu ya bati, kifuniko cha sufuria, kengele ya stesheni. Sauti yenyewe ya mbele hakuipata. Alipoitafuta sauti ya mkewe kichwani alipata sentensi moja tu, ya kuhusu kondakta, na hiyo asingeweza kumpa mtoto bila kumpa na swali lake.

"Haya, soma wewe," binti alisema, akamsukumia daftari na kufumba macho.

Akasoma wa kwanza, kwa ile sauti yake ya chini.

"Hapana. Polepole mno. Mama alikuwa na haraka."

Akakohoa kusafisha koo, akaanza tena, kwa haraka.